Tairi la Nyuma Limeingia Shimoni: Namna ya Kukagua, Kupima na Kurekebisha Alaimenti ya Nyuma

Ukipiga shimo na usukani ukabaki umepinda, kila mtu atakuambia nenda kafanye alaimenti, yaani kupanga upya mwelekeo wa tairi. Unakwenda, fundi analegeza tairodi za mbele (fimbo zinazounganisha usukani na tairi), ananyoosha usukani, anakaza, unalipa, unaondoka umeridhika. Baada ya miezi michache unakuta tairi za nyuma zimeliwa kwa ndani mpaka waya zinaonekana, na gari linachezesha mkia kwenye lami yenye maji. Sababu ni kwamba mbele hapakuwa na tatizo. Kilichopinda kilikuwa nyuma, na fundi ameuzoesha usukani hali hiyo badala ya kuirekebisha.

Mwongozo huu ni wa kuzuia hilo. Utakusaidia ukitaka kufanya kazi mwenyewe nyumbani, na utakusaidia zaidi ukiwa umesimama kwenye gereji ya mtu unasikiliza maelezo.

Kwa nini tairi la nyuma linapindisha usukani wa mbele

Tairi za nyuma hazikati kona, lakini ndizo zinazoamua gari linaelekea wapi. Zikiwa zote mbili zimeelekea kushoto kidogo, mkia wa gari unavutwa kushoto na pua inageukia kulia. Dereva, bila hata kufikiri, anakata usukani kushoto ili gari liende mbele. Gari linanyooka barabarani, ila bodi iko mshazari na linatembea upande kama kaa.

Kuna vipimo viwili vya kujua. Tou ni namna tairi linavyoelekea ukilitazama kutoka juu: sehemu ya mbele ikiingia ndani ni tou ya ndani, ikitoka nje ni tou ya nje. Kemba ni namna tairi linavyolala ukilitazama kutoka nyuma: juu kumeingia ndani au kumetoka nje. Shimo linapiga tairi kwa kulirudisha nyuma na kulipandisha juu kwa wakati mmoja, kwa hiyo mara nyingi linaharibu vyote viwili.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalitenganishi. Jumla ya tou ya tairi mbili za nyuma ndiyo inayokula mpira. Tofauti kati ya tou ya kushoto na ya kulia ndiyo inayopindisha usukani. Gari linaweza kuwa na moja bila nyingine. Ndiyo maana usukani ulionyooka hauthibitishi kitu.

Jua kwanza gari lako lina nini nyuma

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kuna gari ambazo nyuma hazina mahali pa kurekebisha kabisa, na bado mtu atakuchaji.

Toyota IST, Vitz, Passo na Honda Fit za kuendeshwa na tairi za mbele zina bimu moja ya chuma inayounganisha tairi mbili za nyuma. Premio na Allion za kawaida nazo ni hivyo. Bimu hii imetoka kiwandani na vipimo vyake, hakuna bolti ya kuzungusha.

Mark X, RAV4, Subaru Forester na Nissan X-Trail zina sasipensheni ya nyuma inayojitegemea, kila tairi na fimbo zake. Hizi zinarekebishika, angalau tou.

Hiace, Prado na Probox ya zamani zina ekseli ngumu, yaani tairi mbili za nyuma zimefungwa kwenye ekseli moja isiyojikunja. Tou yenyewe haibadilishwi, lakini ekseli nzima inaweza kusogea upande mmoja, na hilo hurekebishwa kwa njia nyingine nitakayoieleza chini.

Siku ileile: tairi na rimu

Usianze na vipimo kabla hujaona kama tairi lenyewe liko salama. Pitisha kiganja kwenye ubavu wa tairi, wa nje na wa ndani. Ukikuta uvimbe, hata mdogo kama nusu ya yai, nyuzi za ndani zimekatika na tairi hilo halifai tena. Halizibwi, halitiwi tyubu, halipelekwi nyuma "litumike kidogo".

Kisha nyanyua gari, weka stendi, na uzungushe tairi taratibu huku umeshika kijiti karibu na ukingo wa rimu bila kugusa. Pengo kati ya kijiti na rimu likiongezeka na kupungua, rimu imepinda. Angalia na upande wa ndani wa rimu, maana ndio unaopinda zaidi na ndio usioonekana ukiwa umesimama. Rimu iliyopinda inatetemesha gari lakini haibadilishi alaimenti; inachofanya ni kudanganya vipimo. Ya chuma inaweza kugongwa ikanyooka. Ya aloi yenye ufa, achana nayo.

Ukiwa bado umenyanyua, shika tairi juu na chini ulitikise. Ukisikia mchezo, beringi au habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) imeumia. Zungusha tena usikilize: mngurumo mkavu ni beringi.

Suala la usalama ni moja tu na halina mjadala: jeki ni ya kunyanyulia, haishikilii. Usiingie chini ya gari kabla ya stendi kuwa mahali pake na kabari kwenye tairi za mbele. Tofali halihesabiki kama stendi.

Jaribio la maji

Tafuta sehemu ya saruji au lami iliyo kavu na iliyonyooka, mwaga ndoo mbili za maji, upite juu yake pole pole ukiwa umenyoosha gari, kisha ushuke utazame alama. Umbali kati ya alama ya tairi la mbele na la nyuma upande wa kushoto uwe sawa na wa kulia. Ukikuta kushoto alama ya nyuma imetoka nje ya ile ya mbele, na kulia imeingia ndani, mkia unakwenda kushoto. Jaribio hili halikupi namba, lakini linamaliza ubishi na fundi anayesema tatizo ni la mbele.

Kukagua chini

Hii ndiyo sehemu inayorukwa na ndiyo yenye majibu. Mashine ya alaimenti inakuambia tairi limeelekea wapi; haikuambii kwa nini.

Anza kwa kulinganisha kushoto na kulia. Kwa kuwa kwetu tunaendesha upande wa kushoto na lami huanza kumeguka pembeni, gurudumu la kushoto ndilo linaloumia zaidi, kwa hiyo la kulia kwa kawaida ni kielelezo kizuri cha namna kitu kilivyopaswa kuwa. Weka rula ya chuma kwenye kila fimbo ya kushoto, kisha kwenye mwenzake wa kulia. Fimbo iliyopinda milimita tatu huioni kwa jicho, ila rula itaonyesha mwanga katikati.

Tazama bushi, yaani vile vipande vya mpira vyenye chuma ndani kwenye ncha za fimbo. Mpira uliochanika unaonyesha ufa mpya mweusi uliokolea, tofauti na nyufa za uzee zenye vumbi. Ingiza mtaimbo mdogo usukume: chuma kikitembea ndani ya mpira bila kurudi, bushi imekwisha.

Kisha tazama vichwa vya bolti zinazoshikilia krosimemba (fremu ya chuma inayobeba sasipensheni) na zile za fimbo. Kila bolti iliyokaa miaka mingi imejijengea duara la uchafu na kutu kuizunguka. Ukiona upande mmoja wa washa kuna hilali ya chuma safi kinachong'aa, au rangi iliyokwanguka karibuni, bolti hiyo imesogea. Hiyo ni habari ya thamani kuliko karatasi yoyote ya mashine. Kwenye gari zenye bolti za kemu, yaani zile zenye sahani ya mviringo isiyokaa katikati, mara nyingine shimo halipindi chochote, linazungusha kemu tu. Hapo umepona: utairudisha na kukaza.

Kwenye Subaru Forester ya zamani na nyingine ambazo shokapu ya nyuma ndiyo inayoshikilia habu, kagua shokapu yenyewe. Mti wake, yaani ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye bomba, ukipinda, kemba inaharibika na mafuta huanza kuvuja juu ya bomba. Hakuna kurekebisha hapo zaidi ya kubadilisha, na shokapu hubadilishwa mbili mbili.

Malizia na waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia tairi zisigande ukifunga breki. Ni mwembamba, unakaa karibu na habu, na ukikatika utaanza kuhangaika na taa ya dashibodi bila kujua ilitoka wapi.

Kupima kwa uzi

Unahitaji uzi wa nailoni, mabomba mawili ya urefu sawa yanayozidi upana wa gari, vitu vinne vya kuyaegesha, rula ya chuma yenye milimita, na sakafu iliyo sawa. Upepo wa tairi zote uwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Toa mizigo kwenye buti. Gari likiwa limetoka kwenye jeki, lisogeze mbele na nyuma mita kadhaa na ulitikise, la sivyo sasipensheni haijakaa sawa na vipimo vyote ni bure.

1. Weka alama kwenye kila bomba mahali uzi utakapofungwa, nafasi kati ya alama iwe ileile kwenye mabomba yote mawili. Hapo nyuzi mbili zitakuwa sambamba bila shaka.

2. Egesha bomba moja mbele ya gari na jingine nyuma, kwenye kimo cha katikati ya tairi, uzi upite pembeni pande zote mbili bila kugusa mpira.

3. Nyoosha usukani. Pima kutoka katikati ya habu hadi kwenye uzi, mbele kushoto na mbele kulia. Sogeza bomba mpaka zilingane. Fanya vivyo hivyo nyuma. Usishangae umbali wa mbele kutofautiana na wa nyuma; gari nyingi zina upana tofauti mbele na nyuma. Kinachotakiwa ni kushoto kulingana na kulia. Kama unashuku habu yenyewe imesogea pembeni, tumia sehemu za bodi za kuwekea jeki badala ya habu.

4. Kwa kila tairi la nyuma, pima kutoka ukingo wa mbele wa rimu hadi kwenye uzi, na kutoka ukingo wa nyuma wa rimu hadi kwenye uzi. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, ni tou ya ndani. Ukiwa karibu zaidi, ni tou ya nje.

5. Sogeza gari mpaka tairi lizunguke nusu duara, panga nyuzi upya, pima tena, chukua wastani. Hatua hii inafuta kosa la rimu iliyopinda kidogo.

Tuseme umepata hivi kwenye rimu ya inchi 15, ambayo ukingo kwa ukingo ni karibu milimita 400. Nyuma kulia: mbele 152, nyuma 150, yaani tou ya ndani milimita 2. Nyuma kushoto: mbele 147, nyuma 151, yaani tou ya nje milimita 4. Kwenye upana huo, digrii 1 ni karibu milimita 7. Kwa hiyo kulia ni digrii 0.29 ndani, kushoto ni 0.57 nje.

Jumla ni milimita 2 za nje. Mbili kwa mia nne ni sawa na tano kwa elfu: katika kila kilomita, tairi hizo mbili zinavutana kando mita 5. Mpira hauwezi kustahimili hilo. Na tou ya nje nyuma si suala la mpira peke yake, ndiyo inayofanya mkia uteleze ukifunga breki kwenye mvua.

Tofauti yake sasa. Tairi zote mbili zimeelekea kushoto, wastani wake ni digrii 0.43. Hicho ndicho karatasi ya mashine inakiita trasti engo. Usukani wa gari nyingi ndogo una uwiano wa karibu 16 kwa 1, kwa hiyo dereva atauona umesimama karibu digrii 7 kushoto. Ukipata hesabu inayokaribiana na jinsi usukani wako ulivyopinda kweli, tatizo lote liko nyuma na mbele hakuna kitu. Usukani ukiwa umepinda zaidi sana ya hapo, na mbele pameguswa.

Kemba ni rahisi: simamisha ubao ulionyooka kwenye kingo za rimu, juu na chini, na uweke juu yake simu yenye programu ya kupima mwinamo. Pima sakafu kwanza kwa simu hiyohiyo. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi digrii moja, kuna chuma kilichopinda.

Kipimo cha mwisho: kutoka katikati ya habu ya mbele hadi ya nyuma, kila upande. Gari nyingi zinatakiwa kulingana. Renault 4 ilitoka kiwandani upande mmoja mrefu kuliko mwingine na haikuwa ajali, lakini kwa IST yako hilo si la kujitetea nalo.

Kurekebisha: gari zenye kemu

Badilisha kwanza kilichopinda. Ukirekebisha tou kwa kuzungusha kemu ili kufidia fimbo iliyopinda, vipimo vitakaa sawa gari likiwa limesimama na kuharibika kila sasipensheni inapopanda na kushuka. Fimbo za mtumba utazipata Gerezani au Ilala kwa wa Dar, Grogan kwa wa Nairobi. Nenda na ile iliyopinda mkononi, na uipitishie rula unayonunua kabla ya kutoa hela. Nayo ilitoka kwenye gari lililogonga kitu.

Kabla ya kulegeza, piga alama ya rangi kwenye sahani ya kemu na kwenye chuma kilicho nyuma yake. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla. Adui hapa ni kutu inayounganisha bolti na bomba la chuma lililo ndani ya bushi: nati inafunguka vizuri, bolti haizunguki. Usiilazimishe kwa kuirefushia spana, utakata kichwa. Usikubali pia ichomwe kwa gesi. Tangi la mafuta na mabomba yake viko karibu sana. Ikigoma kabisa, inakatwa kwa msumeno pande zote mbili za bushi, na unanunua bolti, kemu na bushi mpya.

Legeza nati kiasi cha kemu kuweza kuzunguka tu. Zungusha alama moja, kaza kidogo, shusha gari, litikise, lisogeze, pima. Ni kazi ya uvumilivu. Kama gari lina marekebisho ya kemba pia, anza na kemba, kwa sababu kuigusa kunabadilisha tou. Lenga tou ndogo ya ndani, inayolingana kushoto na kulia.

Bolti zote zinazopita kwenye bushi hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limekalia tairi zake. Ukikaza likiwa linaning'inia kwenye stendi, utausokota mpira wa bushi, gari litakaa juu kuliko kawaida na bushi itachanika mapema. Wengi wanaorudi na bushi mpya zilizokufa ndiyo sababu.

Kurekebisha: gari zenye bimu

Kwanza badilisha habu yenye beringi upande ulioumia. Nyingi hufungwa kwenye bimu kwa bolti nne, na mara kadhaa ni shafti ya habu iliyopinda huku bimu ikiwa salama. Safisha uso wa bimu kwa brashi ya waya kabla ya kufunga. Kibanzi cha kutu chini ya habu kinatosha kuharibu kipimo. Pima tena.

Kama bado, bimu imepinda. Kuna shimu za kabari, vibati vyembamba vinavyowekwa kati ya habu na bimu kurudisha sehemu ya digrii. Ni halali, lakini ni za kosa dogo. Kosa kubwa, tafuta bimu nzima ya mtumba na uikague kwa rula kama tulivyosema.

Utakutana na fundi atakayejitolea kuipasha moto na kuivuta kwa mnyororo. Kataa. Bimu hiyo imetengenezwa ijisokote kila siku bila kukatika, na moto unaua sifa hiyo. Itanyooka, itapimwa, namba zitapendeza, kisha siku moja itapasuka palepale ilipochomwa.

Ekseli ngumu

Kwenye Hiace, kagua senta bolti ya springi za majani, yaani bolti ya katikati inayoziweka springi na ekseli mahali pake. Ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na kipimo cha habu hadi habu kitakuonyesha. Legeza yubolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi), rudisha ekseli, weka senta bolti mpya, kaza yubolti kwa kupokezana, na uzikaze tena baada ya kutembea. Kwenye Probox na Prado, tazama bushi za fimbo ndefu na ile fimbo ya mshazari inayozuia ekseli isiende kando.

Mashine, sasa

Uliza kwanza kama wanapima tairi nne, na uhakikishe wamefunga vifaa kwenye tairi za nyuma pia. Mpangilio sahihi ni kemba ya nyuma, tou ya nyuma, trasti, kisha ndiyo mbele huku usukani umefungwa katikati. Akianza na tairodi za mbele, msimamishe. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Trasti ikiwa chini ya digrii 0.1 mimi naridhika, ikizidi 0.2, sikubali kunyooshewa usukani kwa tairodi hata kama rangi kwenye skrini ni ya kijani.

Nati za tairi kwenye Toyota nyingi ndogo hukazwa Nm 103 kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kuruka nyota, yaani kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, na kukaguliwa tena baada ya kilomita 100 hivi. Kama gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza, mwambie fundi aweke upya sifuri ya sensa ya usukani kwa mashine ya dayagnosisi. Asipofanya hivyo, gari linaweza kudhani unakata kona wakati unakwenda moja kwa moja, na likaanza kukushikia breki tairi moja barabarani.